Mapafu ya baba yana makovu: je, tumpe nusu ya dawa hii na nusu ya ile?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, na ninaishi Tanga pamoja na baba yangu mzazi mwenye umri wa miaka 68. Alikuwa fundi seremala kwa zaidi ya miaka 30, akaacha kazi alipoanza kusumbuliwa na kikohozi kikavu kisichokwisha na kutweta kila anapopanda ngazi mbili tatu. Mwanzoni alitibiwa kifua kikuu kwa miezi sita, ingawa makohozi yake hayakuonyesha vimelea, na hakupata nafuu yoyote. Mwaka jana tulimpeleka Dar es Salaam, akapigwa picha ya CT, na daktari bingwa wa kifua akatueleza kwamba mapafu yake yanaota makovu ambayo yanaendelea kusambaa, kwamba chanzo chake hakijulikani, na kwamba kovu lililokwisha kujijenga halifutiki.

Alianzishiwa pirfenidoni, na sasa anatakiwa ameze vidonge vitatu asubuhi, vitatu mchana na vitatu usiku. Kaka yangu anayefanya kazi Muscat ndiye anayezigharamia. Kinachotusumbua ni maudhi ya dawa. Asubuhi, akishakunywa chai ya rangi na kumeza vidonge, kichefuchefu humshika mpaka mchana. Amekonda hadi kanzu zinampwaya. Ngozi ya shingo na ya migongo ya mikono imebabuka kama ya mtu aliyeungua. Mwezi wa Ramadhani alisisitiza kufunga, akawa anameza dozi zote tatu kati ya futari na daku, na usiku mmoja alitapika mpaka tukaogopa. Tangu hapo anameza siku nne, anaacha siku tano, akidhani sijui. Mimi huhesabu vidonge.

Kaka amesoma kwamba ipo dawa ya pili, nintedanibu, na kwamba watafiti waliwahi kuzichanganya hizo mbili wakapata matokeo mazuri kuliko ya moja. Hesabu yake ni kwamba tukimpa baba nusu ya dozi ya kila moja, mapafu yatapata kinga kamili na mwili utapata nusu tu ya maudhi. Amemtuma msafiri, na sasa nina pakiti mbili za nintedanibu ya miligramu 100 kabatini. Alituma pia asetilisisteini, vile vidonge vya kuchemka kwenye maji, na baba anavinywa kwa mwezi wa tatu sasa ili kulainisha kifua. Jirani yetu muuguzi naye anasema tuongeze prednisoloni kidogo.

Jana jioni, akiwa uani anawalisha njiwa wake, baba aliniambia niamue mimi kwa sababu yeye amechoka. Kliniki ni baada ya wiki saba. Ninaogopa kuamua peke yangu. Nifanye nini?

Binti wa Fundi, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na umfikishie mzee pole zangu.

Pakiti zilizotoka Muscat zibaki kabatini kwa sasa. Usimwanzishie nintedanibu wewe mwenyewe, wala usikate dozi ya pirfenidoni nusu ili kuipisha. Sisemi hivyo kwa sababu kaka yako amekosea kila kitu. Alichosoma kipo kweli, ila utafiti ule haukufanya kile anachotaka tumfanyie baba.

Nianze na kazi ya dawa zenyewe. Pirfenidoni na nintedanibu, ambazo Marekani iliziidhinisha siku moja mwezi Oktoba 2014, hazifuti kovu. Hupunguza kasi ya kovu jipya kujijenga. Katika tafiti kubwa za nintedanibu zilizotolewa mwaka huo, mojawapo ilionyesha kuwa wagonjwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walipoteza takriban mililita 240 za pumzi kwa mwaka, yaani hewa ambayo mtu anaweza kuipuliza kwa mkupuo mmoja ilipungua kwa karibu kikombe kizima cha chai, ilhali waliopewa nintedanibu walipoteza takriban mililita 115. Kwa hiyo mgonjwa anayetumia dawa vizuri bado anapoteza, lakini anapoteza polepole, na ndiyo maana wengi hukata tamaa: maudhi wanayaona kila siku, na faida haionekani kwa macho kwa sababu ni kitu ambacho hakikutokea.

Hesabu ya nusu kwa nusu ingekuwa sahihi kama dawa zingekuwa maji ya moto na maji ya baridi, kwamba ukichanganya vibaba viwili unajua utapata uvuguvugu wa kiasi gani. Nintedanibu ilipokuwa ikitafutiwa dozi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walijaribu viwango vinne, kuanzia miligramu 50 mara moja kwa siku hadi miligramu 150 mara mbili kwa siku, na kiwango cha juu peke yake ndicho kilichoonyesha dalili ya kuyalinda mapafu. Pirfenidoni nayo, walipojaribu dozi ya karibu nusu, mgonjwa aliangukia katikati, kati ya aliyepewa dozi kamili na asiyepewa kitu. Ni kweli kwamba daktari humshusha mgonjwa wa nintedanibu hadi hiyo miligramu 100 mara mbili kwa siku maudhi yanapozidi, lakini hufanya hivyo kwa mtu aliyeshindwa dozi kamili, huku akimfuatilia kwa vipimo. Kuzishusha zote mbili kwa pamoja na kutarajia zikamilishane ni jambo ambalo hakuna anayeweza kukuhakikishia matokeo yake.

Sasa tuje kwenye utafiti ambao nadhani ndio kaka aliousoma. Ulichapishwa mwaka 2018 na ulihusisha wagonjwa 105 kwa majuma 12. Wote walikuwa wakitumia nintedanibu, kisha kundi moja likaongezewa pirfenidoni. Walioongezewa walipoteza wastani wa mililita 13 za pumzi, na wale wa dawa moja walipoteza mililita 41. Hapo ndipo kaka alipofurahi, na hata mimi nilipousoma mara ya kwanza nilikaa vizuri kwenye kiti. Lakini lengo kuu la utafiti ule lilikuwa kuona kama mwili unazivumilia dawa hizo pamoja. Idadi ya watu ilikuwa ndogo na majuma 12 ni machache mno kwa ugonjwa unaopimwa kwa miaka. Tena dozi hazikukatwa nusu. Matatizo ya tumbo yaliwapata karibu watu 70 kati ya kila 100 waliochanganyiwa, na 53 kati ya kila 100 waliobaki na dawa moja. Utaona basi kwamba mchanganyiko huo unaweza kuwa na faida kwa pumzi, lakini kupunguza maudhi hakupunguzi, na sababu iko wazi: dawa zote mbili hulisumbua tumbo lile lile na ini lile lile. Kwa mzee ambaye kanzu zinampwaya, huko siko pa kuanzia.

Kuhusu prednisoloni ya jirani yako, hapa nitakuwa mkali kidogo. Kwa miaka mingi sisi madaktari tuliwapa wagonjwa wa makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo mchanganyiko wa dawa tatu: prednisoloni, azathioprini na asetilisisteini. Ulionekana kuwa wa busara, kwamba moja inatuliza uvimbe, nyingine inapunguza ukali wa kinga ya mwili, na ya tatu inasafisha. Ulipokuja kupimwa sawasawa nchini Marekani, sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati mwezi Oktoba 2011. Kati ya wagonjwa 77 waliopewa dawa tatu, 8 walikuwa wamefariki na 23 walikuwa wamelazwa hospitali. Kati ya 78 waliopewa vidonge visivyo na dawa, alikuwa amefariki 1 na kulazwa 7. Jirani yako anakutakia mema, nami nilikuwa ninawatakia mema wagonjwa wangu wa siku zile. Usimpe baba prednisoloni bila agizo la bingwa anayejua ugonjwa wake.

Na vile vidonge vya kuchemka? Watu huviona kama juisi. Mwaka 2016 kulichapishwa utafiti wa wagonjwa 123 uliojaribu kuiongeza asetilisisteini juu ya pirfenidoni. Pumzi haikunufaika, na ngozi kudhurika kwa jua kulijitokeza zaidi kwa walioongezewa: watu 8 katika kundi lao, dhidi ya mmoja katika kundi lingine. Baba amevinywa kwa mwezi wa tatu, na shingo imebabuka. Siwezi kusema kwamba vidonge hivyo ndivyo vilivyomwunguza, kwa maana pirfenidoni peke yake inatosha kufanya hivyo, lakini ni kitu kisichomsaidia na kinachoweza kuwa kinamwongezea. Hivyo unaweza kuviacha leo.

Baada ya hapo tuitazame pirfenidoni yenyewe, kwa sababu barua yako inanionyesha kwamba hajashindwa dawa. Ameshindwa namna anavyoimeza. Chai ya rangi si chakula. Dawa hii ikifika kwenye tumbo tupu huingia kwenye damu kwa kasi, kiwango chake hupanda ghafla, na kichefuchefu hufuata. Mpe kwanza uji mzito, au chapati na maharage, au kiporo cha wali wa jana, chochote anachokipenda, na vidonge vitatu avigawe katika mlo huo huo: kimoja akishakula kidogo, cha pili katikati, cha tatu mwishoni. Ikiwa hamu ya chakula cha asubuhi haipo mpaka saa nne, basi dozi ya asubuhi na isubiri hiyo saa nne, mradi dozi tatu za siku zisisongamane. Kilichotokea Ramadhani kilikuwa ni kusongamana: vidonge tisa katika saa zisizozidi kumi na moja. Mgonjwa wa aina yake ana ruhusa katika dini, na nadhani imamu wa msikiti wenu atalisema hilo kwa wepesi kuliko wewe bintiye au mimi.

Kwa ngozi, mfunike. Kanzu ya mikono mirefu anayo tayari. Aongeze kofia yenye ukingo mpana, maana kofia ya kiua haifuniki shingo, na apakwe losheni ya kuzuia jua yenye kinga ya 50, tena irudiwe mchana. Baraza inayopigwa na jua la alasiri aihame. Kama kuna mtu aliyempa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa ugonjwa mwingine, nayo huifanya ngozi iogope jua. Mtazame pia anapoumwa tumbo: sipro (siprofloksasini), dawa ya kuua bakteria inayouzwa kila duka la dawa, huzuia mwili kuivunja pirfenidoni, kwa hiyo dawa hujazana kwenye damu na kichefuchefu huongezeka, nanyi mkadhani ni ugonjwa. Sigara hufanya kinyume chake, huiondoa dawa mwilini kabla haijafanya kazi. Hukuniambia kama anavuta.

Ile tabia ya kumeza siku nne na kuacha tano, mwambie daktari bila kuipamba. Si kosa la kumshtaki mzee. Mtu akiacha pirfenidoni kwa siku 14 au zaidi mfululizo, hurudishwa mwanzo, kidonge kimoja mara tatu kwa wiki ya kwanza, viwili mara tatu kwa wiki ya pili, ndipo arudi kwenye vitatu. Akiacha kwa siku chache kuliko hizo, kwa kawaida huendelea na dozi yake, ila daktari anaweza kumshusha hadi kidonge kimoja au viwili kila mlo kwa muda, ili tumbo litulie. Katika hali ya baba yako mimi ningeanzia hapo, kumshusha na kumpandisha taratibu, kabla ya kufikiria dawa nyingine yoyote.

Ikishindikana kabisa, nintedanibu inaweza kuwa na nafasi, lakini kwa kubadilisha, si kwa kuongeza. Haiunguzi ngozi kama pirfenidoni. Ina lake: katika zile tafiti za 2014, zaidi ya watu 60 kati ya kila 100 waliharisha, wengi wao kwa kiasi cha kuvumilika kwa kutumia loperamidi na chumvi ya kurudisha maji mwilini. Huongeza hatari ya kuvuja damu, kwa hiyo daktari lazima ajue kama mzee anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Tena kuna jambo linaloihusu familia yenu moja kwa moja: rifampisini, iliyomo kwenye vidonge vya kifua kikuu, huipunguza nintedanibu kwenye damu kwa karibu nusu. Mzee aliyewahi kutibiwa kifua kikuu bila vimelea kuonekana anaweza kuanzishiwa tena siku akikohoa mbele ya mhudumu asiyemjua. Andikeni hilo kwenye kadi yake.

Nimeacha njiwa makusudi hadi hapa, kwa sababu ndio walionifanya nisome barua yako mara tatu. Je, daktari wa Dar es Salaam aliambiwa kwamba mzee anafuga njiwa? Kuna watu ambao mapafu yao huchukizwa na vumbi la manyoya na kinyesi cha ndege, na wakilivuta kwa miaka mapafu hujaa makovu yanayoweza kufanana kwenye picha na haya yasiyojulikana chanzo. Ugonjwa huo una njia yake. Kwanza ndege huondoka, na banda husafishwa na mtu mwingine, si yeye. Humo prednisoloni au dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili inaweza kuwa na kazi, na nintedanibu huweza kuongezwa makovu yakiendelea kusambaa. Yaani prednisoloni ile ile niliyokukataza hapo juu inaweza kuwa halali kwa mgonjwa wa njiwa, na ndiyo maana jina la ugonjwa linatangulia orodha ya dawa. Sidai kwamba baba yako anao. Vumbi la mbao la miaka 30 nalo si la kupuuzwa. Ninadai tu kwamba swali hilo liulizwe, na mpaka lijibiwe njiwa wakalishwe na wajukuu, uani kwa jirani.

Upo pia ugonjwa wa ngozi kukakamaa ambao hushambulia mapafu, na huko kuchanganya kuna ushahidi: katika utafiti wa mwaka 2019 wenye wagonjwa 576, karibu nusu yao walikuwa tayari wakitumia maikofenoleti, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, na nintedanibu ilipunguza kasi ya makovu kwa waliokuwa nayo na kwa wasiokuwa nayo. Kwa makovu yasiyojulikana chanzo, dawa mpya ya vidonge iitwayo nerandomilasti iliidhinishwa Marekani mwezi Oktoba 2025 baada ya utafiti wa watu 1,177, ambao wengi wao walibaki na dawa zao za zamani huku wakiongezewa hii. Mwambie kaka, kwa kuwa najua ataitafuta, kwamba pirfenidoni huishusha dawa hiyo kwenye damu kiasi kwamba kwa wanaotumia pirfenidoni dozi ndogo ya nerandomilasti haikuonyesha faida, na kwamba waliokuwa kwenye nintedanibu waliharisha zaidi walipoongezewa. Hata mchanganyiko ulioidhinishwa una masharti yake.

Usisubiri wiki saba. Piga simu kliniki wiki hii, useme mgonjwa wa pirfenidoni anatapika, anakonda na anaruka dozi. Hiyo ni sababu tosha ya kumsogezea tarehe. Mpime uzito kabla hamjaondoka. Ombeni kipimo cha ini, ambacho kwa dawa hii hufanywa kila mwezi kwa miezi sita ya kwanza na kila miezi mitatu baada ya hapo, na ombeni apimwe tena kwa kupuliza ili ijulikane amepoteza kiasi gani tangu mwaka jana. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, au kuhema kukizidi ghafla ndani ya siku chache, msingoje miadi. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Siku ya kliniki beba kila kitu ndani ya mfuko mmoja: chupa ya pirfenidoni na hesabu yako ya vidonge vilivyobaki, vile vya kuchemka, na pakiti mbili za Muscat bila kuzifungua. Na mzee aingie mwenyewe chumbani, aeleze kwa kinywa chake ni maudhi yapi anaweza kuishi nayo na yapi hawezi, kwa kuwa dawa hii anaimeza yeye.